Fundo la Leso kwenye Geti la Bwawa

Ilianza Jumamosi, Iddi Pili, saa nane na robo mchana. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya mamangu nikitazama kama kuna muda wa kuoga kabla ya alasiri. Watu wa nyumba ile wangekwambia ilianza saa kumi kasoro dakika kumi, mtoto alipoingia majini. Lakini fundo nililifunga mimi, na nililifunga saa nane na robo.

Nyumba ni ya ami yangu, ndugu mkubwa wa babangu. Sisi twakaa Kuze, mji wa kale, ghorofa ya pili, bafu letu lina birika la saruji na kata ya kuchotea maji. Ami alihamia Kizingo miaka mitatu iliyopita, akajenga na bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Nyanya yangu hakulikubali neno hilo. Kwake bwawa ni maji ya vyura. Yeye aliliita birika. "Mwanangu amejenga birika la kuogea mtaa mzima," alisema siku ya kwanza alipoliona, "na ndani yake hamna hata kata."

Ami mwenyewe hajui kuogelea. Watu humcheka kwa hilo, mtu achimbe maji nyuma ya nyumba yake kisha asimame kando amevaa viatu. Naye hujibu, "Mimi nisiyeogelea ndiye nnayejua maji." Bwawa alilizungushia fito za chuma ndefu kuliko mimi, akatia geti lenye springi linalojirudisha lenyewe, na komeo akaliweka juu mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Kila Ijumaa baada ya sala hulipaka grisi. Dirisha la jikoni alilitoboa makusudi upande ule, anayepika aone maji.

Halafu kuna khutba. Mgeni yeyote akija, hata kama ni mara ya kumi, lazima aisikilize kabla hajalowa. "Ukipita geti, simama. Ngoja usikie tak. Hujasikia tak, hujafunga." Kisha huja filimbi, filimbi nyekundu yenye kamba. Anayeivaa haogi, hali, hashiki simu. Kazi yake ni kutazama maji tu. Akichoka amvishe mwenziwe shingoni, si kuiweka mezani. Na mwisho, mkitoka msiache kitu kinachoelea, kwa sababu mtoto haendi kwenye maji, huenda kwenye mpira. Binamu zangu wameihifadhi yote. Wanaiigiza mpaka namna anavyokohoa katikati, nasi twacheka. Na mimi nilicheka.

Iddi Pili huwa siku yetu wanawake. Baada ya biriani wanaume hutoka, huenda barazani kwa jirani, ili tuoge kwa nafasi. Siku hiyo ami kabla hajatoka alisimama mlangoni, filimbi mkononi.

"Nani anaivaa?"

"Sote tuna macho," alijibu mkewe. "Nenda zako, wanaume wenzio wakungojea."

Aliitundika kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni. Alipotoweka tu, shangazi yangu akaichukua, akaipuliza, akanyoosha mkono kama askari wa barabarani na kumsimamisha nyanya. "Bibi! Leseni yako ya kuogelea iko wapi?"

"Niliizaa," alisema nyanya, "imekaa hapo yanipigia filimbi."

Tulicheka mpaka mtu akamwaga sharubati. Filimbi ikarudi msumarini. Hakuna aliyetaka kuivaa, maana anayeivaa angeonekana kama polisi katika siku ya furaha.

Sasa mimi. Niko kidato cha tatu na mwaka huu mwili wangu umebadilika kwa namna ambayo siwezi kuiandika vizuri hata hapa. Dera likilowa hunata. Nyuma ya ukuta wa ami kuna jengo la maghorofa, na ghorofa ya nne kulikuwa na mtu anaanika nguo. Alikuwa mbali, pengine hata hakutazama kwetu. Wenzangu waliingia majini na madera yao na suruali ndani, wakapiga kelele. Mimi nilisimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikishika mlango. Mke wa ami aliniona.

"Wewe una nini? Maji ni baridi?"

"Kuna mtu kule juu."

"Ala! Yule? Yule ana nguo zake za kuanika." Lakini aliingia ndani akanitolea leso, furushi zima. "Haya, jisitiri upendavyo."

Nikazitundika kwenye fito, moja baada ya moja, mpaka bwawa lote likawa ndani ya chumba cha vitambaa. Nyanya alikuwa ameketi kitini amenyoosha miguu, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mwaona? Mtoto ana haya huyu. Lau wasichana wote wangekuwa hivi!" Nilifurahi. Naandika kweli, nilifurahi sana, kwa sababu mimi si mtoto anayesifiwa mbele za watu.

Mwisho ilibaki leso moja, na geti. Juu hapakuwa na mahali pa kufungia pembe ya leso isipokuwa kwenye kile chuma kinachopokea ulimi wa komeo. Nikafunga pale, mafundo mawili, nikakaza. Nililisukuma geti nione kama leso itakaa. Likarudi lenyewe, likagota kwenye kitambaa, kimya. Nikajiambia, vizuri, hata kelele limeacha. Kisha nikaingia majini na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaelea chali.

Mtoto wa mwisho wa ami ana miaka mitatu. Alikuwa amevaa viatu vya Iddi, vile vinavyolia ukikanyaga. Tangu asubuhi nyumba nzima ilikuwa kwi, kwi, kwi. Mamake alikuwa ameshaapa kuvitupa. Wakati wa kuoga tulimtia kwenye kibwawa kidogo cha plastiki kwenye baraza, na dada wa kazi akamtazama mpaka akasinzia, akamlaza kwenye godoro palepale barazani, viatu miguuni kwa sababu alikataa kuvuliwa.

Dada huyo ametoka bara. Ni Mkristo, husali Jumapili kanisani karibu na Makadara, na ameishi nyumba ile tangu mtoto ana siku arobaini. Siku za Iddi hufanya kazi kutushinda sote.

Adhana ya alasiri ilipolia tulitoka majini kwa haraka haraka, tunakamua madera, watu wanapitana getini. Mpira wa manjano ukabaki unaelea. Niliuona. Nilisema moyoni nitarudi kuuchukua nikishasali. Dada wa kazi ndiye aliyetoka mwisho, na sinia la gilasi mikono miwili. Nilimsikia akiuliza, "Kuna mtu amebaki?" Akalisukuma geti kwa nyonga. Hapohapo mke wa ami akamwita kutoka ndani, "Dada! Kahawa! Na yale mahamri yapashe moto!"

Tukapanga safu sebuleni. Mimi nilikuwa safu ya pili, karibu na mlango. Tulikuwa rakaa ya tatu niliposikia kwi, kwi, kwi kwenye baraza. Nakumbuka nilikereka, nikawaza, huyu ameamka. Kwi, kwi. Ikaenda nyuma ya nyumba. Halafu ikanyamaza.

Mimi niliisikia ikinyamaza nikaendelea kusali. Dada wa kazi, jikoni, aliisikia ikinyamaza akatazama dirishani, na dirishani hakuona maji. Aliona leso zangu. Sinia likaanguka. Ndicho kilichotukatisha sala, kishindo cha sinia na mayowe yake akikimbia.

Tulipofika alikuwa ndani ya maji yamemfika kifuani, na sare yake ya kazi. Hajui kuogelea. Alikuwa anatembea, polepole, kama mtu anayetembea matopeni, na mtoto amemwinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa amelegea. Midomo sitaisema ilikuwa rangi gani. Dada alimlaza ukingoni, akamgeuza, akampiga mgongoni, tena na tena, na mdomoni mwake mwenyewe akisema "Yesu, Yesu, Yesu," na mke wa ami kando yake "Ya Rabbi, ya Rabbi." Maji yakatoka. Kisha kikatoka kilio. Nilikaa chini kwenye vigae.

"Mfunikeni mtoto! Leteni nguo, mfunikeni!" nyanya alipiga kelele. Wanaume walikuwa washasikia, wanakuja mbio. Leso iliyokuwa karibu nami ni ile ya getini. Mafundo yalikuwa yamelowa, yakakataa, nikayafungua kwa meno. Nikampa mke wa ami. Wakamfunika mtoto nayo, wakamkimbiza hospitalini.

Walirudi karibu na magharibi. Daktari alikuwa amemsikiliza mapafu, akamweka masaa mawili kumtazama, akasema arudi nyumbani na wakiona anakohoa sana au anapumua kwa shida wamlete upesi. Mtoto alikuwa amelala begani mwa babake. Viatu havikuwapo. Vilibaki chini ya maji, naviona mpaka sasa, viwili, pamoja.

Mke wa ami alikuwa hajavua buibui. Alisimama katikati ya sebule akamwita dada wa kazi, naye akaja amevaa dera la kuazima lililomfika juu ya vifundo.

"Nani alitoka mwisho?"

"Ni mimi, mama."

"Ulisikia tak?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyekuwapo, hakuna ambaye angembishia.

"Sikusikia, mama. Nilidhani sikusikia kwa sababu uliniita."

"Kwa sababu nilikuita! Kwa hivyo ni mimi!"

"Sikusema hivyo, mama. Nililisukuma. Nililisikia limefika."

"Limefika wapi? Mwanangu amepitaje? Ameruka fito?" Sauti ikamkatika. "Kesho asubuhi uende kwenu. Saa tatu nisikuone hapa. Na mtu akiniuliza habari zako nitamwambia. Nitamwambia kila mtu."

Kazi hizi hupatikana kwa mdomo. Mtu wa Kizingo akisema neno kuhusu msichana wa kazi, Tudor na Ganjoni wamelisikia kabla ya Jumatatu. Dada alilijua hilo. Aliinama, akasema "Sawa, mama," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa atoe taka.

Ami alikuwa amekaa kitako, mtoto begani. Akauliza polepole, "Na filimbi, ilikuwa na nani?"

Shangazi yangu alitazama zulia.

Mimi nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Maneno nilikuwa nimeyapanga, leso ilikuwa kwenye komeo, mimi ndiye. Nyanya akanishika mkono. "Mtazameni huyu, atetemeka mzima. Ni mtoto wa haya, hajazoea makelele. Mpelekeni kwao akalale." Wote wakanigeukia, wakanionea huruma, na nikaufunga mdomo. Nilivyosifiwa saa nane na robo ndivyo nilivyosifiwa tena wakati ule, kwa kitu kilekile.

Leso, mtoto alipovikwa nguo kavu, tulirudi nayo sisi, mamangu aliitia mfukoni ili tukaifue. Nyumbani niliitandaza kitandani. Kwenye pembe, pale penye makunjo ya fundo, kulikuwa na doa la grisi, jeusi, refu kama ulimi. Ulimi wa komeo la ami, lililopakwa grisi Ijumaa. Ulijaribu kuingia mahali pake ukakuta kitambaa. Niliweka kidole juu yake. Mpaka hapo nilikuwa nadhani. Hapo nikajua.

Nilimfuata mamangu jikoni nikamwonyesha. Alitazama doa, akanitazama mimi, akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi iishie hapa. Mtoto yu hai, alhamdulillahi. Wataka kuukoroga?"

"Mama, yule dada anafukuzwa."

"Atapata kwengine."

"Hatapata. Umesikia alivyoambiwa."

Mamangu alikuwa anakatakata kitunguu ambacho hakikuhitajika. "Wajua mke wa ami yako atasema nini? Atasema hawa wa Kuze wamekuja kunilia chakula changu cha Iddi wakataka kuniulia mwanangu. Na babako atainamisha kichwa mbele ya nduguye mpaka afe. Wewe hukukusudia. Ulijisitiri. Kujisitiri si kosa."

"Sijasema kujisitiri ni kosa. Nasema nilifunga mahali pabaya."

"Shh! Babako."

Babangu alipita ukumbini, akatuuliza mtoto amelala salama, tukamwambia ndiyo. Mamangu aliichukua leso, akaitumbukiza kwenye beseni, akaenda kutafuta sabuni. Niliitoa kabla hajarudi. Ni mara ya kwanza kumwibia mamangu kitu, na kitu chenyewe ni kitambaa kilicholowa. Nilikiweka chini ya godoro na kulilowesha godoro. Nilikuwa nimewahi. Grisi haitoki kwa maji matupu.

Usiku sitauandika. Nilikuwa macho, basi.

Asubuhi, saa moja na nusu, mamangu alinipa kikapu niende Marikiti nikanunue ndimu na ndizi mbivu. Hakunitazama usoni. Nilitia leso chini ya kikapu. Nikashuka ngazi, nikapita vichochoro vyetu, wazee wakaniuliza habari za Iddi nami nikajibu kwa adabu. Badala ya kwenda Marikiti nikatokea Makadara. Nilikuwa sijawahi kupanda tuktuk peke yangu. Kuna madereva watatu walikuwa wakinywa chai, wote wakaniita kwa pamoja, na nilikaribia kurudi nyumbani kwa kitu kidogo kama hicho, kuitwa na watu watatu.

"Wapi, binti?" aliuliza mmoja.

"Kizingo."

"Sema kwa sauti, binti, mimi nimezeeka."

"Kizingo!" nikasema, na sauti ilitoka kubwa mno, mpaka wenziwe wakacheka.

Dada wa kazi alikuwa barazani, amekalia begi lake. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, viatu vyeusi vimepakwa rangi. Sijui alikuwa anaelekea kanisani au stendi ya mabasi. Alinisalimu kama kawaida. "Umekuja mapema. Umekunywa chai?" Nilimpita.

Ami alikuwa kando ya bwawa, na kanzu, amevaa filimbi shingoni. Hakukuwa na mtu majini. Leso zote zilikuwa zimeshaondolewa, na alikuwa analijaribu geti, anafungua, anaachia. Tak. Anafungua, anaachia. Tak. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sabalkheri, ami."

"Sabalkheri, mwanangu. Lafunga," aliniambia, kama tulikuwa tunaongea tangu zamani. "Tangu alfajiri nalifungua, kila mara lafunga. Sielewi."

Maneno niliyoyapanga kwenye tuktuk yote yalinipotea. Nilitoa leso kikapuni, nikatafuta pembe yenye doa, nikanyoosha mikono na kuifunga palepale kwenye chuma, mafundo mawili, nikakaza kama nilivyokaza jana. Ami alinitazama bila kunisaidia. Nikavuta geti, nikaliachia.

Lilirudi. Likagota. Kimya. Kisha likajisukuma nyuma kidogo, likabaki wazi upana wa mkono wa mtoto.

Ami aliinama getini. Aliweka vidole vyake kwenye ule upenyo, akavitoa, akaviweka tena.

"Ni mimi," nilisema. "Saa nane na robo. Kabla ya dada kutoka. Kabla ya watu wote."

Alienda mpaka mlango wa jikoni, akamwita mkewe. Naye akaja na mtoto mkononi, mtoto anakula biskuti, miguu mitupu. Dada wa kazi naye alikuwa amesimama kwenye pembe ya baraza, kamba ya begi begani. Nadhani alikuja kwa sababu hakusikia tak.

"Mwonyeshe," ami aliniambia.

Nikafungua geti, nikaliachia. Kimya. Nikafungua mafundo, safari hii kwa vidole, yalichukua muda mrefu na wote wakangoja. Nikaikunja leso. Nikafungua geti, nikaliachia.

Tak.

Mke wa ami alitazama geti, akatazama leso, hakunitazama mimi. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane.

"Rudia," alisema.

Nikaifunga tena leso. Nikarudia yote, kufunga na kufungua. Mara ya tatu mke wa ami alimkabidhi mumewe mtoto, akapita mbele yangu mpaka kwa dada wa kazi, akashika kamba ya lile begi kuitoa begani mwake. Dada hakuiachia. Hakuwa na hasira usoni, aliishika tu, na yule mwengine akaishika, wakasimama hivyo wawili na begi katikati yao, hakuna anayevuta.

Ami alivua filimbi, akanivisha. Kisha akaingia ndani na mtoto. Sikujua nifanye nini nayo, na maji yalikuwa matupu, lakini nilisimama pale nikayatazama mpaka wale wanawake wawili waliposhuka barazani na kuingia jikoni, begi likiwa bado mkononi mwa dada. Ndipo nilipotoka. Nilingoja geti lilie, nikaitundika filimbi msumarini, nikaenda Marikiti kununua ndimu.